Nani Kaiunguza Tyubu ya Tatu

Benchi letu liko mkabala na lango la kiwanda cha mbao, limeegemea ukuta wenye kivuli, na mwenye birika ni mimi. Wananiita Shangazi, ingawa hakuna hata mmoja pale ambaye mimi ni shangazi yake wa kweli. Wateja wangu ni walewale: wapakiaji wanaoshusha mbao mbichi kwenye malori na kuzisukuma kwa toroli mpaka kwenye mashine ya kukaushia, pamoja na mlinzi wa lango, ambaye siku nyingi lango hulilinda akiwa upande wangu wa barabara. Siku hiyo kazi ilikuwa imesimama. Mashine ilizimika asubuhi, tyubu yake ya tatu imeungua, na bosi alikuwa amemwita mwendesha mashine ofisini saa nane akajieleze. Akishindwa kujieleza, kazi hana. Basi pale benchini palijaa watu wanaosikitika kwa mdomo huku macho yao yanacheka.

Katikati ya benchi hukaa Tanuri. Jina hilo alilipata kwa sababu kabla mashine haijaletwa yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa tanuri la mvuke, lile jengo la matofali lililoko nyuma ya kiwanda, na hakuna ubao uliotoka pale bila mkono wake. Mashine ilipokuja tanuri likazimwa. Yeye akapewa kundi la wapakiaji na toroli, na mashine akakabidhiwa mdogo wake, wa baba mmoja mama mmoja, ambaye Tanuri mwenyewe ndiye aliyemsomesha na kumshika mkono mpaka akamwingiza kiwandani. Huyo mdogo mtu pale benchini tunamwita Mtaalamu. Tukilitaja hilo jina tunabana pua kidogo.

Kulia kwa Tanuri hukaa Nusu Chuo, mpakiaji mwenzake, aliyesoma umeme chuoni akaachia katikati, na mpaka leo anaamini mashine ile ilikuwa yake kwa haki. Mwisho wa benchi ni mlinzi, tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima.

Na mimi msinitoe. Nilikuwa na langu rohoni. Zamani kikombe cha Mtaalamu nilikuwa namwekea pembeni kabla hajafika, asije akanywea kilichotumiwa na Redio. Alipopewa chumba cha mashine, chenye feni na birika la umeme, akatuhama. Sasa anajichemshia maji mwenyewe na kukoroga kahawa ya kopo. Kahawa ya kopo, na mimi nimekaa hatua chache nje ya lango. Lilinikaa kooni, sikatai.

Redio ndiye aliyeanza.

Redio: Tyubu ya tatu hiyo, jamani. Mtu akikuvunjia sahani tatu, ya tatu bado utasema bahati mbaya?

Tanuri: Mimi simo. Yule ni mdogo wangu.

Redio: Hakuna aliyekuuliza.

Tanuri: Nasema tu kwamba simo. Lakini tanuri langu, enzi zile zote, liliwahi kuungua?

Nusu Chuo: Tanuri kazi yake ni kuungua, kaka.

Tanuri: Wewe unajua nina maana gani.

Mimi: Nyoosheni vikombe kwanza, mtasengenya mkiwa na kitu mdomoni.

Nikawamiminia. Nusu Chuo akakunja miguu kama mwalimu anayetaka kuanza somo, na nikajua hapo hatuponi.

Nusu Chuo: Nyinyi mnaongea juu juu. Mashine ile ni mikrowevu, kama za kupashia chakula majumbani, ila hii ina ukubwa wa chumba. Na tyubu si taa. Watu wanadhani ni taa. Katikati ina waya wa moto, juu sumaku, chini sumaku. Umeme ukitoka kwenye waya unataka kukimbilia ukutani. Sumaku inauzuia. Basi unazunguka, unazunguka, unazunguka mpaka unatoa mluzi. Mluzi huo ndio mawimbi.

Mimi: Mluzi.

Nusu Chuo: Usiosikika, Shangazi.

Redio: Haya, inaungua kwa sababu gani?

Nusu Chuo: Kizunguzungu.

Tanuri aliitikia kwa kichwa, kwa uzito, mtu ungedhani kaambiwa na daktari.

Nusu Chuo: Kama mimi ningekuwa ndani, ningekuwa naipumzisha. Nazima, nawasha, nazima. Yule anaiachia tu izunguke. Lakini nani ananisikiliza mimi? Mimi si nasukuma toroli.

Redio: Kizunguzungu hapana. Sikilizeni niwape ya uhakika. Kile kiredio changu cha langoni, mashine ikiwashwa tu kinakwaruza. Maana yake nini? Mawimbi yanatoka nje. Yanapita langoni mbele ya macho yangu, wala hayaniagi.

Mimi: Hata malori yanapita mbele ya macho yako yakakukuta kwangu.

Redio: Niache nimalize. Yanatoka, yanazurura mtaani huko, yakichoka yanarudi. Yakirudi yanakuta mlango umefungwa. Yanasukumana pale mlangoni, yanapata joto. Tyubu inapasuka.

Nusu Chuo: Mawimbi hayazururi.

Redio: Umeyafuata ukaona?

Tanuri: Na mlango wa mashine nani anaufunga?

Redio: Yeye. Kwani ufunguo ana mwingine?

Hapo kila mmoja akauwaza ule ufunguo. Mtaalamu huuning'iniza shingoni kwa kamba nyekundu. Ufunguo wenyewe ni wa kawaida tu, lakini pale benchini umesemwa kuliko mtu aliyeiba.

Nusu Chuo: Mimi kuna jambo nimelishika, sijalisema. Mmewahi kuliona shati lake likiwa na jasho?

Redio: Bado.

Nusu Chuo: Jua hili lote, sisi tunalowa mpaka mgongoni, yeye mkavu na kapigwa pasi. Mashati anakausha mule. Anayatia na mbao. Na yale mashati yana vifungo vya chuma. Chuma ndani ya mikrowevu, umeshawahi kuona? Cheche juu, cheche chini.

Tanuri: Shati lake la kwanza la kazi nilimnunulia mimi.

Nusu Chuo: Basi huenda ndilo lililounguza ya kwanza.

Redio: Mnahangaika bure. Nyie hamjaingia mule. Mimi niliingia siku moja kumpelekea ujumbe. Zile tyubu mbili zilizokufa kaziweka rafuni, zimekaa zinatazama. Sasa wewe ndiyo tyubu mpya, umeletwa leo, unafanya kazi huku wakubwa wako wawili wamekukazia macho. Wana kijicho, maana nafasi yao umeichukua. Utadumu?

Mimi: Kwa hiyo tyubu zinaoneana wivu.

Redio: Shangazi, kitu chochote kilichotolewa kwenye nafasi yake kina wivu.

Alilisema bila nia yoyote. Redio hana nia, ana mdomo tu. Lakini nilimwona Tanuri akikishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayesikia baridi, na jua lilikuwa kali vilevile.

Tanuri: Niwaambieni kitu. Wale wageni wa bosi walipokuja, mnakumbuka? Wakapigwa picha pale kwenye mashine. Mdogo wangu katikati, bosi kamshika bega. Mimi nilikuwa nimesimama na toroli langu, nimejaza mbao, nikajua na mimi nitaitwa. Nikaambiwa nisogeze toroli, linaharibu picha.

Nusu Chuo: Nilikuwapo, kaka.

Tanuri: Picha ipo ofisini ukutani. Nendeni mkaangalie. Chini kwenye kona kuna gurudumu moja limeingia. Lile gurudumu ndiyo mimi.

Hakuna aliyecheka.

Tanuri: Mama yetu mgeni akija nyumbani, anamtambulisha yule kwanza. Huyu ndiye mwanangu wa mashine. Halafu mimi. Na huyu ni kaka yake. Basi, imetosha. Mimi niliyeacha shule ili yeye aende, nimekuwa kaka yake.

Mimi: Mama hana maana mbaya.

Tanuri: Maana najua hana. Kuniuma kunaniuma hivyohivyo.

Nikamwongezea kahawa bila kuombwa. Nusu Chuo akamgusa goti.

Nusu Chuo: Kaka, waambie. Hapa ni nyumbani, nani atatoka nalo?

Tanuri: Acha hiyo.

Nusu Chuo: Waambie nani anayekausha mbao za kiwanda hiki.

Redio alisogea mpaka benchi likalia. Tanuri akatazama langoni, kisha akatazama kwangu. Siri aliyokuwa nayo ilishamwiva, ilitaka kutoka.

Tanuri: Mnalijua paa la tanuri langu? Mabati, pana, jua linalipiga kutwa nzima. Mbao zikishushwa, hatuzipeleki kwenye mashine moja kwa moja. Tunazipandisha kule juu kwanza. Tunazianika, tunazigeuza, zinakaa mpaka zimetoa maji yote ya maana. Ndipo tunazishusha kumpelekea Mtaalamu. Anazitia kwenye mashine yake, zinatoka kavu, bosi anapiga makofi.

Redio: Kumbe.

Tanuri: Mashine inamalizia tu. Anayekausha ni mimi.

Mimi: Na yeye haoni kama ni kavu? Si mna kile kidude cha kupimia maji kwenye ubao?

Tanuri: Kipima unyevu ninacho mimi. Hiyo ni desturi yetu tangu tanuri: anayepima hukaa mlangoni, anachoma zile pini mbili kwenye ubao, anapaza sauti. Anayewasha yuko ndani, anaisikia namba, anaweka moto kulingana nayo. Hatoki kuja kuhakikisha. Ukitoka kuhakikisha umemtukana anayepima. Hilo nilimfundisha mimi mwenyewe.

Mimi: Sasa unapaza sauti gani?

Tanuri: Ya mbao mbichi. Leo nimesema hamsini kwa mia.

Redio: Na zilikuwa?

Tanuri: Hata kumi na tano zilikuwa hazifiki.

Nikamuuliza kwa nini. Alinijibu taratibu, kama anayemweleza mtoto mgumu wa kuelewa. Akitangaza mbichi, mdogo wake anaweka moto mkubwa, mbao zinatoka mapema kuliko zilivyotegemewa, bosi anashangaa. Na siku moja, kwenye kikao, mbele ya watu wote, Tanuri angesimama na kusema: mnachokisifia si mashine, ni jua langu na mikono yangu. Alitaka kuuona uso wa bosi siku hiyo. Alitaka zaidi kuuona uso wa mdogo wake.

Nusu Chuo: Tena tumemsaidia. Mbao nyepesi, kazi nyepesi. Mashine inapumzika.

Redio: Hapo sawa. Mtu akipunguziwa mzigo haungui.

Nami nikaafiki, kwa sababu liliingia akilini. Kama mashine inaungua wakati tumeipa kazi ya kitoto, basi mwenye kosa ni anayeiendesha. Sote pale tulilitaka liwe hivyo, na jambo unalolitaka huhitaji kusukumwa sana ili uliamini.

Wakati huo lori lilikuwa limeegeshwa langoni, na dereva wake akaja kukaa nasi. Mgeni, hatukuwahi kumwona, mtu mnene mwenye taulo dogo shingoni. Alikuja kuchukua mbao kavu, akaambiwa hakuna, asubiri. Akaomba kahawa, akasogezewa nafasi, na Redio akamweleza habari yote ya tyubu kabla hajameza funda la kwanza. Habari ya paa hakumwambia. Redio ana mdomo, ila si mjinga.

Ndipo lango dogo likafunguka, akatoka Mtaalamu mwenyewe. Alikuja mpaka mbele ya kaka yake, akainama kidogo.

Mtaalamu: Shikamoo kaka.

Tanuri: Marahaba. Mbona umetoka?

Mtaalamu: Nimeomba dakika chache kabla ya kuingia ofisini. Shangazi, nipatie kahawa yako. Ile ya kopo inanichoma tumbo.

Mimi: Mbona ndiyo unayoinywa siku zote?

Mtaalamu: Sina ruhusa ya kutoka, Shangazi. Mashine ikiwaka siruhusiwi kuondoka hata kidogo. Harufu ya kahawa yako inaniingilia dirishani, mimi nimefungiwa mule kama kuku.

Nilikuwa nimeshampimia kwenye kikombe kilichomeguka ukingo. Nikakirudisha, nikampa kizima.

Akakaa kati ya Tanuri na Nusu Chuo. Shati lake, nililiangalia vizuri, vifungo vilikuwa vya plastiki. Na kwapani lilikuwa limelowa.

Redio: Sasa Mtaalamu, hiyo tyubu imekuwaje? Hapa tulikuwa tunakusikitikia.

Mtaalamu: Imeuliwa na mawimbi yake yenyewe.

Redio akanitazama kwa ushindi.

Mtaalamu: Ni hivi, mashine inatoa mawimbi, yanapita kwenye mfereji wa bati mpaka chumbani penye mbao. Kule yanatafuta maji. Maji yaliyomo ndani ya ubao ndiyo yanayoyanywa, yakapata moto, ubao ukakauka. Sasa yakikosa maji yanakwenda wapi? Kuta ni za chuma, hayapiti. Yanagonga, yanarudi kwenye mfereji uleule yaliyojia.

Redio: Yanarudi kwa mwenyewe.

Mtaalamu: Kwa tyubu, ndiyo. Na njiani yanakutana na yanayotoka. Kuna mahali yanajumlishana, moto unazidi mara dufu, cheche zinapiga kwenye kile kidirisha cha kauri ambacho mawimbi yanatokea. Na yale yanayoingia ndani yanaivuruga tyubu, inapoteza mdundo wake. Ule umeme uliokuwa unazunguka unageuka na kuupiga waya wa katikati. Waya unaiva mpaka unakatika. Leo nimefungua nimekuta vyote viwili: waya umekatika, kidirisha kimepasuka.

Nusu Chuo: Lakini si lazima kuwe na kinga? Hata sisi tulisoma hivyo.

Mtaalamu: Kilikuwapo kipande chenye sumaku, kimekaa kama njia panda. Wimbi linalokwenda kinaliacha, linalorudi kinalipindisha kwenda kwenye bomba la maji, linaishia humo. Kilipasuka siku ilipoungua tyubu ya kwanza, maana yaliyorudi yalikuwa mengi kupita uwezo wake. Nikamwomba bosi aagize kingine. Akasema oda kwanza, kinga baadaye, na kama mbao ni mbichi hakuna kitakachorudi. Nikakubali.

Mimi: Ulikubali vipi na wewe ndiye mjuzi?

Mtaalamu: Nilikubali kwa sababu mbao zote zinapita kwa kaka. Angekuwa mtu mwingine pale mlangoni nisingekubali.

Nusu Chuo alikuwa ameacha kunywa. Kikombe kilikuwa mapajani.

Redio: Bosi atasemaje?

Mtaalamu: Atasema niliiwasha ikiwa tupu. Ukiitazama ile tyubu ndivyo inavyoonekana, kama iliyowashwa bila kitu ndani. Akishikilia hivyo, ndiyo basi, leo nafungasha. Lakini mimi nina jibu. Nitamwambia chumba kilikuwa kimejaa mbao mbichi, namba ilitangazwa hamsini, aliyeitangaza ni kaka yangu. Kaka hajawahi kukosea kipimo. Kaka, ukiitwa utakuja kunisemea?

Tanuri: Nikiitwa.

Mtaalamu: Basi mimi sina wasiwasi.

Akanywa kahawa yake yote, kwa raha kabisa. Mimi nilishindwa hata kumtazama. Nilishika kitambaa nikaanza kufuta birika, na birika lilikuwa safi.

Dereva akapangusa jasho kwa taulo lake. Alikuwa amesikiliza kwa makini, kama watu wa safari wanavyosikiliza mambo ya mji usio wao.

Dereva: Samahani ndugu zangu, mimi mgeni. Mbao ikiingia mule imeshakauka, si itakuwa kama hakuna kitu?

Mtaalamu: Ndiyo, ni kama tupu. Tena nikiwa nimeweka moto wa mbichi ni balaa. Ila kavu hainifikii.

Dereva: Kwa hiyo zile zilizoanikwa juu ya mabati kule nyuma haziingii kwenye mashine?

Mtaalamu: Zipi?

Dereva: Nimeziona nilipopanda kwenye bodi kufungua turubai. Paa zima. Nikadhani ndizo nitakazopakia.

Nusu Chuo aliinama kufunga kamba ya kiatu. Redio akakumbuka kwamba ana lango, akalitazama, lakini hakuinuka. Mtaalamu alibaki akimwangalia dereva, kisha akageuka polepole kumwangalia kaka yake. Alimtazama muda mrefu, bila hasira, jinsi mtu anavyosoma maandishi madogo.

Mtaalamu: Kaka. Ni paa la tanuri lako.

Tanuri alikiweka kikombe chini.

Mtaalamu: Asubuhi ulisema hamsini.

Tanuri: Nilidhani itafanya kazi haraka.

Mtaalamu: Na zile mbili za mwanzo?

Tanuri: Sikujua inaungua kwa hilo. Wallahi sikujua. Nilitaka tu wajue nani anakausha.

Mtaalamu: Wajue kina nani?

Tanuri: Wote. Wewe.

Sauti yake ilikatika pale kwenye neno la mwisho. Mtaalamu aliinamisha kichwa. Nilitegemea atukane, au alie, au ampige, na ningemwelewa kwa lolote kati ya hayo. Hakufanya hata moja. Alinirudishia kikombe kwa mkono wa kulia, akanishukuru, akasimama akikung'uta suruali yake.

Mtaalamu: Wewe wanao wanasoma, kaka. Mimi bado sina hata mmoja.

Tanuri: Unataka kusema nini?

Mtaalamu: Nitasema nilijisahau, nikaiwasha tupu. Bosi ndivyo anavyotaka kusikia, hatauliza zaidi. Zishusheni zile mbao kabla hajatoka ofisini, na kuanzia kesho pimeni sawasawa. Atakayekuja nyuma yangu hatakuwa mdogo wako.

Akavuka barabara. Kwenye lango dogo alivua ile kamba nyekundu shingoni, ufunguo akaushika mkononi, akaingia. Alikwenda kwa mwendo wake uleule wa kila siku.

Tukabaki. Tanuri alikuwa amelikazia macho lile lango dogo, na midomo yake ikawa inachezacheza. Nilidhani anaomba dua.

Tanuri: Mnaona?

Mimi: Tunaona nini?

Tanuri: Hata hapa kanizidi. Amenifukia shimo langu mwenyewe, na kashukuru kahawa. Jumapili mama atajua tu, mambo haya hayafichiki, na atasema nani? Atamsema yeye. Mwanangu aliyemwokoa kaka yake. Hata nikimwonea nikamfukuzisha kazi, mtu mwema ni yeye.

Nilimwangalia mtu mzima yule, mvi zimeanza pembeni mwa masikio, roho inamuuma kwa sababu mdogo wake amemwonea huruma. Nikatamani kumwambia neno kali. Nilikuwa nalo tayari ulimini. Lakini nikakumbuka ni mimi niliyeafiki aliposema habari ya paa, nikafurahi moyoni kwamba mnywaji wa kahawa ya kopo kapatikana, na lile neno likakosa pa kutokea.

Nusu Chuo: Kaka, tukashushe zile mbao.

Tanuri: Subiri kwanza.

Nusu Chuo: Saa nane imeshafika.

Tanuri: Nimesema subiri.

Dereva alikuwa anatutazama mmoja mmoja, kikombe chake kiko hewani, kama mtu aliyekuta familia ya watu inagombana akakosa pa kuweka macho. Ofisi ya bosi iko ghorofani, upande wa barabara. Kutoka pale benchini dirisha lake unaliona, na siku hiyo lilikuwa wazi. Tulimwona Mtaalamu akipita dirishani. Tulimwona bosi akisimama. Kuvuka barabara, kupanda zile ngazi, mtu mwenye miguu mizima hamalizi hata muda wa kunywa kikombe kimoja.

Dereva: Kwani huyo si ndugu yako wa damu?

Tanuri: Ndiye.

Dereva: Na lango si liko wazi?

Redio: Liko wazi.

Dereva: Sasa mnangoja nini?

Birika lilikuwa bado na kahawa, tena ya moto, na hakuna aliyenyoosha kikombe. Nusu Chuo alimtazama Tanuri, Tanuri alilitazama lile dirisha, mimi nikatazama makaa yangu. Dereva akarudia swali lake kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hatukumsikia.